Je, Yule Aliyeanguka Ataamuka?

Wewe uliye mzazi, unajua mtoto wako anakwenda wapi siku ya soko? Mimi nilikuwa sijui. Nataka nikusimulie jambo lililonipata hapa Ngungu mwaka wa 2015, siku niliyokwenda kumtafuta mtoto wa kaka yangu nikiwa na fimbo mkononi.

Mtoto huyo alikuwa na miaka 15. Alikaa miaka miwili porini na watu wenye silaha. Alipotoka alipitia kwanza kituo cha watoto kule Goma, kisha akarudishwa kwetu. Nyumbani alikuwa kimya. Ukimwita kwa sauti kubwa, anashtuka. Siku hiyo jirani akaniambia: “Mutoto wako iko mu nyumba ya mchezo, kule banapiganaka mu televizyo.” Nikakasirika sana. Nilisema moyoni: ametoka vitani, sasa analipa franka ili aone vita tena?

Nyumba yenyewe ni ya mbao na mabati. Nje jenereta inanguruma. Ndani vijana wamebanana juu ya mabao, wengine bado na udongo wa shimo kwenye buti zao. Mbele yao televizyo na PlayStation ya zamani. Mchezo unaitwa Tekken 3, ulitolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka wa 1997. Msomaji, sitakudanganya: mwanzoni ulinichukiza. Watu wawili wanapigana mateke na ngumi, mstari wa uzima unapungua, na vijana wanapiga makelele ya furaha.

Kisha akaingia mpiganaji mmoja, Eddy Gordo, Mbrazili. Huyu hakusimama kama wengine. Aliyumba huku na huku kama mtu anayesikia ngoma, akaweka mikono chini, miguu ikazunguka juu. Kijana aliyemwendesha hakuwa fundi. Alibonyeza tu vifungo vya mateke, na mtu wake akacheza vizuri ajabu. Ndiyo sababu wanaoanza wanampenda.

Mara mtoto wangu akasimama: “Baba mudogo, ile ni kapoeira! Balitufundisha ile kule Goma!”

Kabla sijamjibu, Eddy alipigwa akaanguka chali. Mtoto akanishika mkono kwa nguvu. “Ataamuka?” akauliza. Wenzake wakacheka: “Ataamuka, ni mchezo!” Kweli, duru ya pili ilipoanza, mtu alikuwa amesimama tena. Mtoto akashusha pumzi. Mimi nilielewa kwamba alikuwa amewaona wengi wasioamka. Nikaiweka fimbo nyuma ya mlango.

Tukatoka nje, akanieleza. Tangu mwaka wa 2014, UNICEF pamoja na wenzake walianza kufundisha kapoeira huko Goma kwa watoto waliotoka katika vikundi vya silaha. Baadaye nilijifunza zaidi. Mchezo huu ulizaliwa Brazili kati ya Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Mwaka wa 1890 sheria ya Brazili iliukataza. Mwaka wa 1932 Mestre Bimba alifungua shule yake mjini Salvador, na mwaka wa 2014 UNESCO iliiandika duara ya kapoeira kuwa urithi wa wanadamu wote. Chombo chake kikubwa ni berimbau: upinde wa mti, waya mmoja na kibuyu, unapigwa kwa kijiti. Unafanana sana na umuduri ambao wasema Kinyarwanda wanaujua.

“Kule tunasimama mu duara,” mtoto akasema. “Batu banaimba, banapiga makofi. Ngoma ikienda pole pole, na wewe unaenda pole pole. Unatupa muguu, mwenzako anainama. Haumuumize.”

Hapo ndipo nilipoona kile ambacho mashine imekiacha. Mateke iliyachukua vizuri, lakini duara haimo. Muziki wa Tekken unakwenda peke yake, hata mpiganaji afanye nini, na anayemwangusha mwenzake ndiye mshindi. Katika duara ya mtoto wangu muziki ndio unaoamuru mwili, na mwenzako ni wa kutunzwa, kwa sababu bila yeye hakuna mchezo.

Jioni ile alichukua bidoni tupu akaanza kuipiga. Wadogo zake wakamzunguka, wakapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiimba tangu arudi.

Ndugu mzazi, usikimbilie fimbo. Ingia kwanza, kaa, tazama mtoto anaona nini pale. Kisha mpangie saa na franka, maana kuna wanaomaliza huko pesa ya masomo. Nawe kijana, fahamu kwamba mashine kama ile inahitaji madini ya tantali, yanayotoka katika koltani, jiwe ambalo wazazi wako wanalichimba kwa jasho. Usikubali irudi kwako na mateke tu. Tafuta na duara: wenzako, wimbo na ngoma.

Mimi nilikwenda kumtoa mtoto mahali pabaya. Kama ningalimpiga kwanza, nisingalisikia swali lake. Je, wewe, mtoto wako amekuuliza nini mwezi huu?