Kizazi Kilishatolewa, Sasa Kinachoshuka ni Nini?

Kwetu Mamba, huku milimani Same, ukitaja habari ya kizazi kushuka watu wanainamisha macho, maongezi yanahamia kwenye bei ya tangawizi. Mama yangu mkubwa aliishi na shida hiyo miaka minne, na kizazi chenyewe hana. Alitolewa zamani kwa sababu ya uvimbe. Ndiyo maana alinyamaza (ameniruhusu niandike, jina nisiweke). Angeanzaje kueleza? Kitu kilichotolewa kinashukaje?

Kumbe kinachoshuka ni uke wenyewe. Sehemu yake ya juu inashikiliwa na kano na misuli ya nyonga, zile zile zilizokuwa zinashikilia kizazi. Kizazi kikiondolewa na kano zikalegea, uke unaporomoka kama soksi inayogeuzwa nje ndani, na unaweza kuvuta kibofu au utumbo. Mama mkubwa alikuwa anahisi kama amekalia yai. Akikohoa, mkojo unamtoka. Akaacha kwaya, mtu aliyeimba sauti ya pili tangu mimi sijazaliwa!

Na hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa 2018 uliwapima wanawake 1,195 wa Hai, Rombo na Same. Asilimia 64.6 walikuwa na viungo vilivyoshuka kufikia daraja la pili au zaidi, na asilimia 6.7 hali yao ilikuwa kali. Hapo ni wanawake kwa ujumla, siyo waliotolewa kizazi tu. Kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi kulionekana kuongeza hatari. Sasa wewe fikiria viroba vinavyoshushwa kichwani kwenye ile miteremko yetu.

Kwanza alipewa pete laini ya kuweka ukeni ili ishikilie. Ikawa inatoka. Ndipo akafanyiwa upasuaji Moshi: daktari alipitia ukeni, bila kupasua tumbo, akashonea ile sehemu ya juu kwenye kano imara iliyoko nyuma ya nyonga. Njia nyingine ni kupitia tumboni na kuifunga kwenye mfupa wa chini wa mgongo kwa wavu maalumu. Ukisikia wavu, uliza unawekwa kupitia wapi, maana Marekani mwaka 2019 iliamuru nyavu za kuwekwa kupitia ukeni kwa tatizo hili zisiuzwe tena. Ile ya tumboni haikuguswa.

Kilichotusumbua ni maneno ya siku ya kuruhusiwa: asibebe kizito, la sivyo unaweza kushuka tena. Baba mkubwa akauliza, "Sasa nani atabeba?" Hakuuliza kwa ubaya. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaza. Na mimi bumu likichelewa, nauli yangu ya kurudi chuo ilikuwa inatoka kwenye viroba hivyo hivyo.

Siku hizi tangawizi inashuka kwa bodaboda, na hela ya bodaboda inamegwa kwenye ada ya mtoto wake wa mwisho. Hapo bado tunabishana. Kwaya amerudi.