Mlima Hauna Masikio

Mimi ni mzaliwa wa Ikombe kwa Wakisi, ambako mtumbwi ndio basi. Mjini walinicheka: mtoto wa mtumbwi ataziweza wapi mbio za baiskeli milimani?

Haya, sikilizeni vijana wenzangu. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu imepita 1,500. Kutoka Kyela kwa Phoenix isiyo na gia, tofauti hiyo unailipa kwa mapaja. Moyo unanong'ona: shuka bwana, usukume! Hapo ndipo mashindano yenyewe. Mlima siutazami, natazama mgomba ulio mbele, kisha unaofuata.

Mama zetu wafinyanzi wanajua: chungu kisichokauka hupasukia motoni. Moyo nao ukaushwe mapema, kila siku, kabla ya siku ya mbio.