Daftari la Madeni Lilivyotuvusha

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwanza, kisha nawashukuru majirani zangu wa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, maana ninayoyasimulia hapa ni yao pia. Nina hoteli ndogo niliyoirithi kwa mama. Asubuhi tunauza mahamri kwa mbaazi za nazi, mchana wali kwa samaki wa kupaka, Ijumaa pilau, na jioni viazi karai, bajia na mishkaki. Nataka kushuhudia jinsi hoteli kama hii ilivyoupita mwaka wa 2020, kwa sababu naona watu wameanza kusahau, na wanaosahau upesi ni wale ambao sufuria zao hazikukauka.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Siku chache baadaye, tarehe 22, ikatoka amri kwamba baa zifungwe na mikahawa isikalishe mtu. Mteja afungiwe chakula chake aondoke. Mjini kuna mikahawa mikubwa iliyokuwa na vijana wa bodaboda wa kupeleka chakula majumbani. Mteja wangu mimi wa asubuhi ni kuli wa bandarini, dereva wa tuktuk, mzee aliyetoka kuswali. Kwake benchi langu ndilo meza ya nyumbani. Mahamri tuliyafunga kwenye karatasi, lakini mbaazi zataka chombo, na mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku tangu 2017. Waliokaa karibu walikuja na sufuria na hotpoti zao. Waliotoka mbali hawakuja tena.

Kisha, tarehe 27 Machi, ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyeipanga saa hiyo sidhani alipata kukaanga mahamri. Unga hukandwa usiku kwa tui, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Saa kumi alfajiri mtu awe ameshika kibao anasukuma, ili mahamri ya kwanza yatoke karaini watu wakitoka msikitini. Wapishi wangu, mmoja alikaa Kisauni, mwingine Likoni ng'ambo ya feri. Wakisubiri saa kumi na moja ipite ndipo watoke majumbani kwao, wanafika jua limechomoza na kuli ameshaingia kazini na njaa yake. Na huko jioni, viazi karai na mishkaki hununuliwa baada ya magharibi, watu wakitoka kupunga upepo. Saa moja mtaa ulikuwa kimya. Tulifanya biashara alfajiri na usiku, na kafyu ilichukua vyote viwili, ikatuachia mchana ambao watu hawana pesa za kula nje.

Yule mpishi wa Kisauni nikamwambia, "Dada, hamia kwangu." Akalala chumba kimoja na binti zangu, na kwa hiyo mahamri yakaendelea kukaangwa, ingawa machache.

Sisemi amri zile zilikuwa za bure. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na sisi tunaoishi nyumba zilizobanana, ambamo ukifungua dirisha wasikia jirani akikohoa, tuliuogopa kuliko wengi. Ninachosema ni kwamba nafuu iliyotolewa ilitupita kando. Mwezi wa Aprili aliyekuwa na mshahara usiozidi shilingi 24,000 aliondolewa kodi ya mapato, na VAT ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Lakini msichana anayeosha sahani kwangu hana hati ya mshahara. Analipwa jioni kwa kazi ya siku hiyo, na siku isipokuwa na kazi, hakuna kilichopunguzwa wala kilichobaki. Kodi ya biashara ndogo nayo ilishushwa kutoka asilimia 3 ya mauzo hadi 1. Asilimia 1 ya hoteli isiyouza ni hiyo hiyo hakuna.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Kwa hoteli ya Mji wa Kale, Ramadhani ndiyo mavuno. Ni mwezi wa kaimati, sambusa, vibibi, mkate wa sinia na juisi ya ukwaju, na barabara hujaa kuanzia alasiri. Tarehe 27 Aprili Serikali ikaruhusu mikahawa kukalisha watu tena kwa masharti: wafanyakazi wapimwe, mteja apimwe joto mlangoni, na kati ya mtu na mtu iwe mita moja na nusu. Nikatoa mabenchi, nikaweka dumu la maji lenye mfereji na sabuni. Kabla hatujazoea mpango huo, tarehe 6 Mei, Mji wa Kale wote ukafungwa pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, na sehemu zote za kula ndani ya mtaa zifungwe. Tuliambiwa siku 15. Zilipokwisha, tukaongezewa hadi tarehe 6 Juni. Idd ilitukuta ndani ya kizuizi.

Hapo ndipo nilipolitoa daftari la madeni.

Kila hoteli ya mtaani ina daftari hilo. Huyu amekula mbaazi, atalipa Ijumaa. Yule amechukua pilau ya wageni, atalipa mwisho wa mwezi. Mama alinifundisha kwamba deni la chakula halidaiwi kwa sauti, na wapo walioandikwa tangu zamani ambao nilikwisha kuwasamehe moyoni. Nilikuwa nikilihesabu daftari lile kuwa hasara. Hoteli ilipofungwa, mwanangu mkubwa alinishauri niwatumie watu ujumbe mmoja tu wa heshima: hoteli imefungwa, wapishi hawana kazi, aliye na chochote atusaidie kwa M-Pesa. Wakati ule kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 kulikuwa hakutozwi ada, na hilo lilitufaa sana, kwa kuwa waliotutumia walituma mia, mia mbili, hamsini.

Walilipa. Si wote, lakini wengi kuliko nilivyotarajia, na wengine walilipa zaidi ya walichokula. Mzee mmoja wa mtaa wa pili, ambaye hakuwahi kuwa na deni kwangu, alituma pesa akaandika kwamba analipia mahamri atakayokula tukifungua. Kijana niliyemlisha alipokuwa mwanafunzi, sasa yuko Muscat, alituma pesa ya futari akasema nipikie majirani wasiojiweza. Nikapika nyumbani kwangu, watoto wakapeleka sahani mlango kwa mlango, wakaziweka kizingitini, wakabisha hodi na kurudi nyuma. Muuza samaki wetu alinipa samaki kwa mkopo akisema, "Mama, nami niandike kwenye daftari lako." Mwenye nyumba alinipunguzia kodi ya miezi hiyo. Kilichopatikana tuligawana sawa, mimi na wapishi na mwosha sahani, kila Ijumaa, hata kilipokuwa kidogo cha kuonea haya.

Yapo tuliyopoteza ambayo pesa haikurudisha. Mzee aliyekuwa akikaa benchi la mlangoni kila asubuhi tangu nikiwa msichana alifariki wakati huo. Mazishi yalikuwa yamewekewa kikomo cha watu 15. Katika hali ya kawaida ningewasha majiko matatu nikawapikia waliokuja kuhani. Safari hii tulisoma dua kila mtu nyumbani kwake. Nilijua siku ile kwamba kazi yangu si kuuza chakula peke yake. Harusi, hitima, matanga, yote ya mtaa hupitia jikoni, na jiko likifungwa watu hukosa pa kufarijiana.

Tulifungua Juni, kafyu iliposogezwa hadi saa tatu usiku. Tarehe 7 Julai barabara ya kuingia na kutoka Mombasa, ambayo nayo ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa. Mwisho wa mwezi huo huo mikahawa ikaagizwa tena kufunga saa moja jioni, tukarudi kuhesabu viazi kimoja kimoja. Kafyu yenyewe haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Baadhi ya majirani zangu wa biashara hawakufika siku hiyo. Mmoja aliuza makarai na meza akarudi kijijini. Mwingine mahali pake panauzwa simu hadi leo. Walikuwa wapishi wazuri kuliko mimi. Sikuwashinda kwa ujuzi. Mwenyezi Mungu alinijalia watu walionilipa.

Kwa hiyo nina maneno matatu. Kwa wenye mamlaka: ikija siku nyingine ya kufunga milango, nasi tutaifunga, lakini ulizeni kwanza chakula cha watu wa kawaida hupikwa saa ngapi, na nafuu iwafikie wanaolipwa jioni kwa jioni. Kwa wenzangu wa hoteli: tengeni kidogo kila siku, hata shilingi hamsini, na wafanyakazi wajue iko wapi na ni ya nini. Msiwadharau wanaokula kwa mkopo, kwani hamjui nani atawabeba kesho.

Na kwako msomaji: kama kuna hoteli mtaani kwenu ambako jina lako limeandikwa, nenda ukalipe wiki hii. Kama halijaandikwa, nenda ukale. Hoteli ya mtaa inasimama kwa wanaokuja siku za kawaida, na hao ndio waliotuvusha siku zilipokuwa nzito.