Hoteli Iliyokuwa Ikingoja Mafundi

Ukishuka katika bandari ya Unguja ukafuata barabara kubwa inayozunguka Mji Mkongwe, baada ya mwendo mfupi wa miguu utafika Darajani. Jina hilo huwashangaza wageni, kwa maana hapo hawaoni daraja lolote. Zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji yalifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, pakawa barabara na viwanja, jina likabaki. Leo hapo ndipo penye marikiti kuu iliyojengwa mwaka 1904, na akina mama bado hukutana mbele ya meza za samaki, mafungu ya ndizi na vifurushi vya viungo.

Si maji yote yaliyofukiwa. Upande wa kaskazini, Funguni, lilibaki bwawa lenye magugu, na kando yake Serikali ya Mapinduzi ilijenga hoteli kubwa iliyofunguliwa katika miaka ya 1970. Ikaitwa Bwawani. Kwa wakati wake ilikuwa fahari ya Visiwa. Katika ukumbi wake wa Salama zilifanyika arusi na mikutano, na humo yalitangazwa matokeo ya uchaguzi. Kisha miaka ikapita, jengo likachakaa, na habari ya kulitengeneza upya ikawa mazungumzo ya siku nyingi mjini.

Makala hii yahusu kungoja kwa namna hiyo. Mimi na mume wangu tulikaa siku nne katika hoteli nyingine, ndogo zaidi, ya ufukwe wa mashariki, ambayo nayo ilikuwa ikingoja mafundi. Jina lake silitaji, kwa kuwa hoteli za hali hiyo ni nyingi katika pwani yetu. Lakini kabla ya kwenda huko tulitembelea majengo mawili ya mjini, na hayo ndiyo yaliyonifungua macho.

Majengo mawili, habari mbili

La kwanza ni Kanisa Kuu la Anglikana lililoko Mkunazini, karibu sana na Darajani. Limejengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia katika Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Paa lake la duara lilitengenezwa kwa saruji na mawe ya matumbawe, na wako waliotabiri kwamba lingeanguka. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877.

Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 ya mvua na chumvi si mchezo. Jengo lilianza kuumia, likahitaji msaada. Fedha zikatafutwa, mafundi wakaitwa, na ukarabati mkubwa ukakamilika mwaka 2016. Ukiingia leo utaona msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone. Utaona pia waumini wakiomba, watoto wakisinzia mapajani mwa mama zao, na wageni wakitembea kimya. Ni nyumba iliyowahiwa.

La pili ni Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, linaloelekea bahari pale Forodhani. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likawa jengo la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme. Baadaye likawa makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake moja iliporomoka. Wageni wakazuiwa kuingia, mipango ikafanywa, miaka ikaenda. Ukarabati ulikuwa umekwisha kuanza pale ilipofika siku ya Krismasi ya mwaka 2020, sehemu kubwa ya jengo ikaanguka. Watu wawili walipoteza maisha yao.

Ndugu msomaji, majengo hayo yote mawili yalizeeka, wala si dhambi kuzeeka. Swali ni nini kilichotendeka katika ile miaka ya kungoja.

Kuelekea mashariki

Kutoka Darajani tulikwenda kwa gari hadi upande wa Paje na Jambiani. Njia hupita katika msitu wa Jozani, ambako kima punju hukaa juu ya miti kama watu waliokuja kuangalia magari. Kisha msitu huisha, ardhi huwa ya mawe, na ghafla bahari huonekana, kijani kwa buluu, mpaka mtu akasahau alichokuwa akisema.

Hoteli yetu ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 25. Ilijengwa baada ya Zanzibar kufungua milango kwa wawekezaji na watalii katikati ya miaka ya 1980, wakati vijumba vya makuti vilipoanza kuota katika fukwe hizi. Bei ilikuwa imeshushwa karibu nusu, na mtu wa mapokezi alitueleza sababu bila kuficha: baada ya msimu huo hoteli ingefungwa kwa ukarabati. Bwawa la kuogelea lilikuwa kavu, na ndani yake majani ya mnazi yamejikusanya. Bomba la chumbani lilitoa maji yenye ladha ya chumvi. Feni ilizunguka kwa kulalamika. Makuti ya baraza yalikuwa yamekuwa meusi, na mahali pengine tuliona nyota bila kutoka nje.

Lakini shuka zilikuwa nyeupe pe, zimenyooshwa, na juu ya mto palikuwa na maua ya asumini. Chandarua kilikuwa na viraka vitatu, kila kimoja kimeshonwa kwa mkono na kwa uangalifu. Mtu fulani katika nyumba hii alikuwa bado hajakata tamaa.

Kwa nini nyumba ya pwani huchoka upesi

Fundi mmoja wa kijijini, aliyekuja kuziba paa la jiko, alinieleza mambo ambayo mama yeyote anayejenga pwani angefaa kuyajua. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi hupenya katika zege, hufika kwenye nondo, nondo hushika kutu. Chuma chenye kutu huvimba, na kikivimba hupasua zege kutoka ndani. Ndiyo sababu nguzo iliyo nzuri kwa macho inaweza kuanza kudondosha vipande.

Nyumba za zamani za mawe zina tabia nyingine. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa huruhusu unyevu kuingia na kutoka. Mwenye nyumba akiona ufa akauziba kwa saruji ngumu, unyevu hukosa njia, hubaki ndani, na ukuta huoza huku nje unaonekana mpya. Tena adui mkubwa ni paa linalovuja. Tone moja likianguka juu ya kichwa cha boriti kila masika, siku moja boriti hiyo itaachia.

"Watu hudhani nyumba huanguka siku moja," alisema. "Huanguka miaka kumi, ila kishindo ndicho cha siku moja."

Mama wa vyumba

Aliyeshona viraka vya chandarua alikuwa mama wa makamo, mtu wa kijiji cha jirani. Nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba kwa furaha, akaniita mwanangu, na tangu hapo tukawa tunazungumza kila asubuhi alipokuja na ndoo yake.

Kabla ya hoteli alikuwa mkulima wa mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na wengi walioingia humo walikuwa wanawake. Maji yakitoka, waliingia baharini na vigingi na kamba, wakafunga miche, wakarudi maji yakijaa. Ilikuwa kazi ya kuumiza mgongo, lakini iliwapa akina mama fedha mikononi mwao, wakanunua sare za shule na mabati. Kisha bahari ikaanza kuwa na joto zaidi, mwani ukawa unakufa, na bei ikawa ndogo. Yeye akaja hotelini.

Nilimwuliza atafanya nini milango itakapofungwa. Alikaa kimya kidogo, akikamua kitambaa.

"Wanasema miezi sita. Wengine wanasema mwaka. Kama tutaitwa tena, hatujaambiwa. Ukarabati ni kitu chema, mwanangu, lakini tumbo halingoji ukarabati. Nina mwana kidato cha tatu."

Basi kwa nini, nikamwuliza, kila asubuhi anayafuta madirisha yale kwa maji baridi, na hoteli yenyewe inafungwa?

"Chumvi ikilala hapa mwezi mzima," akajibu, "hata huyo fundi akija hatakuta kitu cha kutengeneza. Atabomoa tu."

Mwenzangu, nilisafiri mbali kulipata neno hilo. Kungoja si kuacha. Mafundi wakija watasifiwa, na picha zitapigwa, lakini kama si kitambaa cha mama huyu wasingekuta nyumba. Nasi tunaolala katika hoteli hizi tukumbuke kwamba nyuma ya tangazo la kufungwa wamo akina mama wenye ada za kulipa. Wenye mali wangetenda haki kama wangewaambia mapema watu wao tarehe ya kufunga, tarehe ya kufungua, na nani atakayerudi.

Na nyumba zetu je?

Jioni hatukuwa na televisheni. Tulikaa barazani na taa ya chemli, kwa kuwa umeme ulikatika mara kwa mara, tukala pweza na wali wa nazi, tukazungumza. Ni ajabu jinsi watu wawili waliooana miaka mingi wanavyoweza kupata habari mpya za kusimuliana pasipo kitu cha kuwakatiza.

Katika familia nyingi kuna ukarabati unaongojwa. Tukimaliza kujenga, tutapumzika. Watoto wakimaliza shule, tutakaa pamoja. Baba akipata kazi nzuri, tutaanza tena kusali jioni. Maneno hayo si mabaya, lakini wakati tunangoja, chumvi hailali. Neno la ukali lisiloombewa msamaha ni tone juu ya boriti. Ukimya wa wiki mbili ni kutu ndani ya zege. Tena kuna wanaoziba ufa kwa saruji: wananunua kitenge kipya au kochi jipya ili majirani wasione, na ndani unyevu unaendelea.

Mkumbuke Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa magofu kwa miaka mingi, kisha ukajengwa kwa siku 52. Haukujengwa na wageni kutoka mbali. Baadhi yao walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe, na miongoni mwa wajenzi ametajwa Shalumu, aliyefanya kazi pamoja na binti zake. Yafaa tuwakumbuke mabinti hao ambao majina yao hayakuandikwa. Kila mmoja wetu anao ukuta wa mbele ya mlango wake.

Ikiwa ndoa yako imefika mahali pa kuhitaji fundi, usione haya kumwita mchungaji, mzee wa kanisa au mshauri. Na ikiwa nyumbani kuna kipigo, hiyo si dari ya kuvuja tena. Ni jengo linaloanguka. Toka kwanza wewe na watoto mwende mahali pa salama, ndipo ukarabati uzungumzwe.

Ukitaka kwenda

Kwa dada anayetaka kumwomba mumewe siku chache za kupumzika, haya yatamsaidia:

- Hoteli nyingi za ufukweni hufungwa au hushusha bei wakati wa masika, hasa Aprili na Mei. Uliza kwanza kama kuna ujenzi unaoendelea, maji ya kutosha na jenereta.
- Chukua tochi, sabuni ya kufulia na maji ya kunywa ya safarini.
- Ukiwa Darajani na vijijini vaa nguo ya heshima. Kanga mbili zatosha. Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa njiani mchana.
- Uliza saa za maji kujaa na kutoka. Pwani ya mashariki maji hutoka mbali sana, na akina mama wa mwani wakiwa kazini usikanyage kamba zao.
- Nunua kitu kutoka kwa wanawake wa kijiji, hata kama ni sabuni moja ya mwani.
- Msisahau kumshukuru kwa jina lake yule anayetandika kitanda chenu.

Mungu awape wafanyakazi wa mahali kama hapo riziki katika miezi ya kungoja. Nasi atupe mikono ya kufuta chumvi kila asubuhi katika nyumba alizotukabidhi, mpaka siku atakapozitengeneza zote.