Kuwinda panya Bunduki, na habari za viatu vyangu

Najua nimepotea karibu wiki tatu, na nasikia huko hosteli kuna watu wameshatangaza kwamba nimedisco. Sijadisco. Nilikuwa milimani Uluguru, katikati ya masika, nawinda.

Nawinda nini? Panya. Haya chekeni kwanza mmalize, ndio tuendelee.

Ni ile "special project" yangu ya mwaka wa mwisho: wanyama wadogo wa msituni, panya na virukanjia. Unawatega usiku, asubuhi unawapima uzito na urefu, unawaandika kwenye daftari, unawaachia. Msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, huwezi kuingia tu na mitego yako, kwa hiyo tulikwenda na kibali cha utafiti na mzee mmoja mwenyeji wa kutuongoza. Kijiji tulichoanzia kinaitwa Bunduki. Ndiyo, Bunduki, kiko huko upande wa Mgeta. Utani wa "tumeenda kuwinda Bunduki bila bunduki" tumeshautumia njia nzima toka Mzumbe mpaka Langali, msijisumbue.

Sasa viatu. Boom lilikuwa limeingia, na mimi boom likiingia akili inatoka. Mnadani kwa wauza mitumba nikaona buti za ngozi za kupandia mlima, soli nene, kamba nyekundu, elfu hamsini na tano. Pembeni kulikuwa na gambuti mpya, nyeusi, elfu kumi na nane. Dada mmoja wa darasani kwetu, ambaye ndiye alikuwa anakuja kunisaidia, akachukua gambuti bila kufikiri mara mbili, tena namba moja zaidi ya mguu wake ili soksi mbili ziingie. Huyu amekulia Mufindi kwenye mashamba ya chai, mvua na ukungu ndio kwao. Akaniangalia na buti zangu, akasema tu, "Haya, we mwenyewe." Ningesikiliza ile sauti ningeokoa hela.

Buti zilikufa siku ya pili. Kumbe zile soli zenye povu katikati zikikaa miaka mingi zinaoza zenyewe, hata kama hakuna aliyezivaa, na unyevu unamalizia kazi. Kwa hiyo kiatu kinaonekana kipya kabisa kumbe ndani kimeshakuwa mkate. Wa kushoto ulianza kucheka kwenye mteremko, mchana wa kulia ukajibu. Nikazifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na nikatembea hivyo siku tatu. Wakati huo ngozi ilikuwa imekunywa maji mpaka kila mguu ni kama nimebeba tofali. Ukinunua mitumba ya aina hiyo, kunja soli kwa mikono miwili na uibonyeze kwa ukucha. Ikimeguka, mwachie muuzaji.

Gambuti nazo si malaika. Kwenye matope na majani yaliyolowa zilikuwa safi, lakini tulipovuka kijito maji yakaingia kwa juu, na hapo dada akawa anatembea na ndoo mbili miguuni. Kila ng'ambo ilibidi akae chini, amwage, akamue soksi. Kuteremka mguu unateleza kwa ndani, vidole vinagonga mbele.

Mzee wetu alikuwa amevaa nini? Njumu za plastiki, zile za watoto wa shule za kuchezea mpira. Hana soksi. Meno ya chini yanashika udongo, maji yanaingia huku yanatokea kule, jioni anazisuuza mtoni basi. Zamani, kabla msitu haujafungwa, alikuwa mwindaji kweli, na anasema enzi hizo walikwenda na katambuga au peku. Nilipomuuliza kiatu gani kinazuia maji ya masika akacheka. "Mjukuu wangu, maji yataingia tu. Tafuta kinachoyatoa."

Ila kilichonifanya niandike leo si miguu yangu.

Tulikuwa watatu. Wa tatu ni rumeti wangu, mtoto wa Dar, ambaye alijitolea kuja kunibebea mitego kwa sababu mimi ni rafiki yake, na kwa sababu hajawahi kuona msitu. Alikuja na jinzi, fulana ya pamba na koti zito la pamba lenye kofia. Mimi niliona anavyofungasha. Nilijua kabisa kwamba pamba ikilowa inashika maji na haikauki, kwamba sweta la sufu hata likilowa linabakiza joto kidogo, kwamba hata jezi ya mpira ingemfaa zaidi kwa sababu inakauka haraka. Haya yote nimeyasoma. Nikanyamaza, nikijiambia si Tanzania hii jamani, nani anakufa baridi Morogoro?

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6, na sisi kutoka mjini tulipanda zaidi ya hizo. Ongeza mvua ya kutwa, kwa sababu maji yanaondoa joto mwilini mara kama 25 kuliko hewa. Mwili unatakiwa uwe kwenye 37, ukishuka chini ya 35 umeshaingia matatani.

Siku ya tatu jioni tulikuwa tunatega mstari wa mwisho. Mitego yetu ni vile visanduku vya aluminiamu vya Sherman, ndani unaweka chambo cha siagi ya karanga na unga wa mahindi. Na unaweka kitonge cha pamba kavu, maana kirukanjia ni mdogo mno, akikaa usiku mzima kwenye bati baridi bila chakula na joto anakufa. Vile vitonge nilivitunza kwenye kopo la mfuniko kama dhahabu. Rumeti alikuwa nyuma yangu anatetemeka. Nilimwona. Ilikuwa imebaki mitego kama ishirini, na nilitaka kumaliza kabla ya giza. Nikamwambia, "Kaza, dakika chache tu." Zikawa saa nzima.

Halafu akaacha kutetemeka. Nikafurahi, nikidhani amezoea. Nikamwomba anipe kisanduku, akanipa daftari. Nikamuuliza kitu, akaanza kunisimulia habari za daladala. Vidole vyake havikuweza kushika kamba. Mzee akaja, akamtazama usoni mara moja tu, akasema, "Mvueni nguo huyu. Sasa hivi."

Kilichotuokoa ni ndoo. Tulikuwa na ndoo za lita kumi za kuchimbia ardhini ili virukanjia watumbukie, na dada wa Mufindi alikuwa amejaza moja nguo kavu za wote watatu na kuifunga mfuniko. Mifuko ile ya rambo ilipigwa marufuku toka Juni 2019, kwa hiyo hatukuwa na kitu kingine kisichopenya maji. Siku ya kwanza nilitaka ile ndoo imwagwe tuitumie kama mtego, nikagomba kabisa. Akakataa.

Tukamvua, tukamvika kavu, tukambana katikati yetu chini ya blanketi na turubai. Mwenyewe alikuwa na kichupa cha pombe kali, akawa anakitaka. Mzee akakitia mfukoni, na alikuwa sahihi, pombe inakudanganya umepata moto huku joto linatokea kwenye ngozi. Alimpa chai ya sukari nyingi, kidogo kidogo. Ilimchukua muda mrefu kuanza tena kutetemeka, na alipoanza mzee akasema alhamdulillah.

Asubuhi tulikuta panya tisa na virukanjia wawili, wote wazima.

Rumeti anasimulia kisa hiki hosteli kama kichekesho, kwamba alilewa ukungu. Hajui kwamba nilimwona anatetemeka saa nzima kabla. Atajua akisoma hapa, maana uso kwa uso nimejaribu mara mbili nikaishia kuongelea mpira.

Safari ya pili ni Julai. Ni kiangazi, lakini kule juu Julai ndiyo baridi yenyewe. Juzi nimenunua njumu za plastiki, elfu tisa, na sweta la sufu la kijani, elfu saba. Sweta si langu. Liko chini ya kitanda, bado sijampa.