Idhini ya Kumtawaza Mtoto

Siku nilipompeleka binti yangu kwa mlezi wake wa kwanza hapa Milton Keynes, Uingereza, naye wakati huo ametimiza miezi 14 na angali akivaa nepi, yule mama wa makamo ambaye nyumba yake ndiyo ingekuwa makao ya mwanangu tangu asubuhi hata jioni aliniketisha jikoni mwake, akanimiminia chai, kisha akaniwekea karatasi zilizouliza mambo ambayo sikupata kusikia mzazi akiulizwa: akitoka upele apakwe mafuta gani, juani akingwe kwa mafuta yapi, akishikwa na homa apewe dawa ipi na kwa kiasi gani, na likitokea la kutokea, je, naridhia atibiwe kabla sijafika? Nilitia sahihi, lakini moyo wangu ulikuwa mzito, kwani kwetu aghalabu wanaoandikiana hati ni wale wasioaminiana.

Mimi nilizaliwa Ng'ambo, Unguja, katika nyumba yenye ua uliopitwa na watu kutwa, na katika ua ule mtoto akijichafua, mkono uliokuwa karibu ndio uliomwinua, ukamtawaza kwa maji ya kopo, ukamfunga ubinda safi na kumpaka mafuta ya nazi, uwe ni mkono wa bibi, au wa shangazi, au wa jirani aliyekuja kupepeta mchele wake kivulini. Hapana aliyeomba ruhusa, maana ruhusa ilihesabiwa kuwa imekwisha kutolewa siku mtoto alipozaliwa. Na wahenga waliposema kuwa mkono mmoja haulei mwana, sisi tuliisikia kauli hiyo kama habari ya nyumba yetu wenyewe.

Huku England kazi ya kulea watoto wa wenzio nyumbani mwako kwa ujira ina sheria zake. Mlezi hana budi kuandikishwa, ama kwa Ofsted, ambayo ndiyo idara ya serikali inayokagua shule na malezi, ama kwa wakala aliyesajiliwa. Awe na cheti cha huduma ya kwanza kwa watoto wadogo, kinachohuishwa kila baada ya miaka 3. Na kila aliyetimiza miaka 16 anayeishi nyumbani humo huchunguzwa mwenendo wake. Kanuni za malezi ya watoto wasiotimiza miaka 5, zilizoanza kutumika mwaka 2008, hazimruhusu mlezi kumpa mtoto dawa yoyote, ijapokuwa ni ile ya homa inayouzwa dukani, ila kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa kwa dawa ile makhsusi. Na kila akimpa, aandike, kisha amjulishe mzazi siku ile ile au mapema iwezekanavyo. Tangu mwaka 2025 kanuni hizo zimetaja pia sitara ya mtoto wakati wa kubadilishwa nepi na kwenda haja, zikitaka sitara hiyo ichungwe bila kusahau usalama wake. Na yako mambo ambayo hata idhini ya mzazi haiyahalalishi: tangu mwaka 2003 mlezi wa England hana ruhusa ya kumchapa mtoto, ajapoambiwa na mzazi wake amchape.

Katika karatasi zile palikuwa na nafasi ya kuandika desturi za aila. Nikaandika kwamba sisi mtoto hatumpangusi tu. Twamtawaza kwa maji. Kesho yake nilipokwenda kumchukua, nililikuta jagi dogo jipya karibu na mkeka wa kubadilishia, na mlezi akaniomba nimwonyeshe namna ya kuyamimina maji. Nikamwona, kadhalika, akipiga magoti mbele ya mwanangu na kumuuliza kama yu tayari, akasubiri mpaka mtoto akainua mikono, ndipo akamchukua. Hapo uzito ule wa moyo uliniondoka, nikafahamu kwamba mtu aliyeniuliza namna mwanangu anavyosafishwa alikuwa ameniheshimu mimi, na aliyemsubiri ainue mikono alikuwa amemheshimu yeye.

Mwaka uliofuata tulikwenda nyumbani. Mama yangu sasa anakaa katika nyumba ya ghorofa yenye mlango wa chuma, pasipo ua wala jirani wa kupepeta mchele, na anayemsaidia ni binti aliyetoka shamba, mwenye adabu na mikono ya huruma. Mwanangu akapandwa na homa. Saa saba mchana mama akampa dawa ya parasetamoli. Saa tisa binti yule, asiyekuwa na habari, akampa tena. Nami niliporejea kutoka sokoni nilikuwa nimekwisha shika kijiko ndipo nikajua, ilhali dawa hiyo hairudiwi kabla ya muda wa saa 4 kupita. Mtoto, alhamdulillahi, hakudhurika. Lakini sikulala usiku ule, na sikuisahau sura ya yule binti, aliyesimama mlangoni akilia kwa hofu ya kulaumiwa, asiwe na hata herufi moja ya kumtetea.

Ndipo nilipotambua kwamba ule ua wa utoto wangu nao ulikuwa na hati yake, nayo ilikuwa ni macho ya watu. Aliyempa mtoto dawa alionekana, aliyemtawaza alionekana, na aliyekuwa na nia mbaya aliogopa kuonekana. Macho yale yameondoka, sisi tumebaki na kimya chake, na kimya hicho ndicho tunachokiita kuaminiana. Ziko sheria, Tanzania Bara ya mwaka 2009 na Zanzibar ya mwaka 2011, zinazomlinda kila asiyetimiza miaka 18, na vituo vya kulelea watoto mchana vina taratibu zake. Lakini nyuma ya mlango wa chuma, baina ya mtoto na mlezi wake, mara nyingi hapana lililosemwa. Mtoto ni amana, na amana, hata baina ya ndugu, hukabidhiwa kwa maneno yanayofahamika.

Asubuhi iliyofuata usiku ule tuliketi mkekani sote watatu, mama, mimi na yule binti, tukataja wazi nani atamwogesha mtoto na kumtawaza, dawa itolewe na nani, na kwamba mtoto akikataa mkono wa mtu asilazimishwe. Nikanunua daftari, nikalitundika jikoni pamoja na kalamu. Mama hakupendezwa, kwani alikwisha lea watoto na wajukuu bila ya kumwandikia mtu. Lakini alasiri, binti yule alipokwisha kuandika kwa mwandiko wake wa taratibu, "Saa kumi, kijiko kimoja, joto limepungua," mama alimwita akae karibu naye, akamwambia, "Nisomee, mwanangu."