Picha ya Soo Tano Pia Ni Picha

Kuna wasanii wananiambia naharibu soko. Ati nikiuza picha mia tano, watu watazoea bei ya chini na wao watakwama na zao za elfu hamsini. Sawa, lakini niambieni, huyo mteja wa elfu hamsini huwa mnampata Umoja? Wangu ni wasee wa bedsita. Nesi wa zamu ya usiku, kijana wa duka la simu. Mtu ako na ukuta mtupu na soo tano imebaki baada ya kodi. Huyo hakuwa wenu. Kabla yangu alikuwa anatundika kalenda ya supamaketi.

Na si mimi nilianza. Edward Saidi Tingatinga, kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, akauza kwa bei ndogo Oysterbay, chini ya mbuyu. Alifariki 1972. Mtindo mzima leo unaitwa kwa jina lake, na nani anakumbuka waliomwona wa bei rahisi?

Lakini bei nafuu si bei ya huruma, na hapo ndio wengi huumia. Vipande vya mbao natoa Gikomba, kimoja 60. Rangi na vanishi, kama 100. Karatasi ya kufungia na nauli, 40. Nabaki na 300. Nachora ndogo, saizi ya daftari, tatu kwa mpigo: bluu naipaka zote kabla sijaosha brashi, halafu nyekundu, hivyo hivyo. Hiyo hesabu ya brashi imenilipia kodi kuliko kipaji. Siku nzuri namaliza tatu. Kuuza zote tatu, hiyo ni stori ingine. Januari watu wanalipa karo, hata salamu hawana.

Kwa hivyo ukisema "nipunguzie mia mbili, si ni kambao tu", umeniachia mia moja. Siku nzima, msee!

Mama bado huuliza nitarudi chuo lini. Mwezi uliopita nilimlipia stima. Hakusema kitu, ila ile picha ya kuku niliyompa ameitoa chumbani, iko sebuleni juu ya TV.

Wiki hii niko na kuku sita na matatu mbili. Bei ni ile ile.